Ndoto za Bi Mwanaisha

Tulipomaliza khitma ya Bi Mwanaisha, wanawake tulibaki uani tukisugua masufuria, na kama ilivyo desturi kila mmoja alikuwa na lake la kumsema marehemu. Alikuwa mpishi. Alikuwa mvumilivu. Hakuwahi kugombana na jirani. Alimuuguza mumewe mpaka siku ya mwisho. Binti mmoja wa ukoo, ambaye hata hakuwa amezaliwa mwaka ninaotaka kuueleza, alisema kwa heshima zote kwamba marehemu alikuwa na moyo, maana si kila mwanamke angeweza kuishi na mtu wa ndoto kama Fundi Salehe. Wenzake wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria, mikono imejaa majivu, nikanyamaza, kwa kuwa msibani si mahali pa kusahihishana. Lakini njia nzima ya kurudi Mbeya nilijilaumu. Fundi ametangulia siku nyingi, na sasa mkewe amemfuata. Majirani waliokuwa wanajua, wengine wamehama na wengine wamelala makaburini. Nikijiuliza ni nani aliyebaki wa kusema ndoto zile zilikuwa za nani, simwoni mwingine ila mimi, na mimi nina sababu zangu za kulisema jambo hili bila kujificha.

Nilihamia kwao mwaka ule ofisi ya ushirika nilikokuwa mpiga chapa ilipopunguza watu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sanduku moja la bati, na barua ya kunishukuru kwa utumishi wangu. Kurudi kijijini kwetu Lufingo sikutaka. Huko wangeniuliza kazi imekwishaje, na baada ya wiki mbili wangeniuliza naolewa lini. Nikapanga chumba kwa Fundi Salehe, mchora vibao, katika nyumba iliyokaa kwenye mteremko chini ya soko la Tukuyu. Chumba changu kilitenganishwa na jiko kwa ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka zikaachana, kwa hiyo moshi wa kuni uliingia kwangu pamoja na kila neno lililosemwa kule. Mahali pengine mvua huja ikaondoka. Tukuyu mvua ndiyo mwenyeji na jua ndilo mgeni. Nguo zetu tulizikaushia juu ya jiko, tukawa sote tunanuka moshi na maziwa, na juu yake rangi ya mafuta, maana Fundi alifanyia kazi sebuleni. Vibao viliegemezwa ukutani kuzunguka chumba kizima, na mgeni akikaribishwa alikalia ukingo wa kiti, akiishikilia nguo yake isije ikapakwa.

Ulikuwa wakati wa ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka ambayo kwa miaka yalikuwa yamefungwa, au yamefunguliwa yakiwa na chumvi na viberiti tu, yalianza kujaa tena sabuni za kunukia, vitenge, redio, na marobota ya mitumba yaliyokatwa kamba watu wamekwisha kuyazunguka. Aliyekuwa na meza alitaka duka, na aliyekuwa na duka alitaka kibao. Fundi Salehe, ambaye babu yake alifika Tukuyu kutoka pwani akiwa mshona kanzu, alikuwa na mkono wa kuchora tangu utotoni, lakini miaka yote ile alikuwa ameishia kuandika namba za magari na majina kwenye misalaba ya makaburini. Sasa kazi ilimfuata mlangoni. Alichora mkate, ukawa mkate. Alichora cherehani, ungeweza kuitia uzi. Kila kitu alikizungushia mstari mweusi, na kila kitu kilikuwa na kivuli upande wa kulia, hata shati linaloning'inia hewani. Nilipomuuliza sababu aliniambia kwamba kitu kisicho na kivuli mteja hataamini kama kimo dukani.

Udhaifu wake ulikuwa herufi. Zilianza kubwa upande wa kushoto, na zilipofika kulia zilikuwa zimesongamana na nyingine zimepandana. Nami nilikuwa nimebandika karatasi mlangoni kwangu, nikimwomba yeyote apitaye afunge mlango wa jiko kwa ajili ya moshi, na nilikuwa nimeiandika kwa herufi kubwa za kunyooka kama tulivyofundishwa kupiga vichwa vya habari vya matangazo ya ofisi. Fundi alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu. Kisha akabisha hodi, akaniita kwa jina langu, Tupo, akauliza kama ningeweza kuandika vilevile kwa brashi, kwenye ubao wa urefu wa mtu. Tangu wiki ile nikawa mwandishi wake. Yeye alichora, mimi niliandika BUCHA, SALUNI, MASHINE YA KUSAGA, na chumba changu kikajilipa.

Bi Mwanaisha alikuwa mtu wa Kisiba, penye ziwa. Alizaliwa akaitwa Tusajigwe, akabatizwa, kisha akasilimu alipoolewa, na swala zake hakuzichelewesha hata mikono ikiwa na unga. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani. Ziwa kwake lilikuwa "siwa", na kila sentensi ilishuka mwishoni, taratibu, kama mtu anayeteremka kilima chenye utelezi. Asubuhi alipika chai ya maziwa mengi na magimbi ya kuchemsha, au ndizi, na Fundi alikaa kwenye kigoda karibu na moto. Hapo ndipo Bi Mwanaisha alipomsimulia ndoto zake. Wiki ya kwanza nilizisikia kupitia ukutani bila kujua ninasikia nini. Nilidhani anaeleza habari za majirani, kwa jinsi alivyosimulia bila kupandisha sauti, kisu kikiendelea kumenya.

"Nilikuwa nakwenda kisimani," alisema asubuhi moja, "nikakuta kisima kimehama. Wameacha kitanda mahali pake. Nikasema haya, nikateka maji kitandani."

Fundi akamuuliza maji yalikuwa ya rangi gani. Akasema yalikuwa ya kawaida, ila yalikuwa na uvuguvugu, kama kwamba mtu alikuwa ametoka kulala humo sasa hivi. Kisha akamuuliza kama anataka gimbi lingine.

Nilipozoeleka nikawa nakunywa chai pamoja nao. Siku moja nilimuuliza Bi Mwanaisha kwa nini mambo mazuri namna ile hawasimulii wanawake wenzake bombani. Aliniambia kwamba alipoolewa, mama mkwe wake alimfundisha kuwa ndoto haisimuliwi kila mtu. Unamsimulia anayekupenda, kwa sababu asiyekupenda ataipa maana mbaya, na maana ikishasemwa haifutiki. Nikamuuliza, na mimi je? Akacheka kidogo, akasema mimi nilikuwa nasikia kwa njia ya ukuta, atafanyaje. Nililipokea jibu lile kama mzaha. Imenichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa amenieleza kila kitu: chai ile ya asubuhi, na kigoda, na maswali ya mumewe juu ya rangi ya maji, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi ya nyumba ile, na hayakuwa na mahali pengine pa kuonekana. Fundi mwenyewe hakuota. Alilala kama gogo, na nadhani kabla ya mwaka ule alikuwa amezisikiliza ndoto za mkewe kwa miaka ishirini kama mtu anavyosikiliza mvua kwenye bati.

Mabadiliko yalianza na kibao cha muuza mafuta ya taa. Fundi alichora taa ya chemli, safi, yenye mstari wake mweusi na kivuli chake kulia, nami nikaandika maneno chini. Asubuhi yake nilipoingia sebuleni, ndani ya kioo cha taa, mahali pa moto, palikuwa na kitanda kidogo kinachofurika maji, na mwanamke ameinama akiteka. Fundi alikuwa amefanya kazi ile baada ya chai, kwa brashi nyembamba, bila kuniambia. Mwenye duka alipokuja kuchukua kibao alikitazama, akakisogelea, akakitazama tena, kisha akakibeba. Baada ya siku chache tukasikia kwamba watu wanatoka hata Matwebe kuja kununua mafuta pale, ili wasimame wabishane kuhusu yule mwanamke. Mwenye bucha hakuwa mwepesi hivyo. Fundi alimchorea ng'ombe anayepanda ngazi za ukungu akiwa amebeba kiti mdomoni, na mwenye bucha akasema yeye anauza nyama, hauzi maajabu. Fundi akamchorea paja la ng'ombe, na yule ng'ombe wa ngazi akabaki kwetu, ameegemea ukuta, hana duka. Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya kwanza aliyoichora ambayo haikuuza kitu chochote.

Baada ya hapo mkono wake haukurudi nyuma. Alianza kutafuta mbao za masanduku ya chai yaliyochakaa, kwa kuwa zilikuwa laini na zilinywa rangi vizuri, na jioni baada ya kazi za wateja alichora yale aliyoyasikia asubuhi. Mstari mweusi ulitoweka kwanza. Halafu vivuli vikaanza kuhama: nikaona kimoja kimekwenda kushoto, kingine kimemtangulia mwenyewe, na siku moja nikaona kivuli cha mtu ambaye hakuwemo kabisa kwenye picha. Zamani alichora kitu kimoja katikati ya ubao. Sasa ubao mmoja ulibeba hadithi nzima, na mwanamke yuleyule alionekana mara tatu: akitoka nyumbani, akivuka bonde, akijikuta amejifungulia mlango mwenyewe. Alitumia buluu ambayo sijaiona tena popote, aliyoipata kwa kuchanganya rangi mbili za bei rahisi na masizi kidogo ya jikoni. Na katikati ya kazi mara nyingi aliweka brashi chini, akaenda uani kuuliza: mlango ulifungukia ndani au nje? Yule marehemu shangazi alikuwa na viatu? Bi Mwanaisha alijibu akiwa anapepeta au anafua, bila kuinua kichwa, na Fundi akarudi mbio kabla hajasahau. Siku hizi wapo watu wasomi wanaozieleza picha zile, na husema kwamba katika kipindi kile mtindo wa Salehe ulikomaa. Ni kweli. Ulikomaa jikoni, karibu na sufuria ya magimbi.

Picha hazikuhitaji maandishi, lakini Fundi alitaka jina, na kwa kuwa herufi zilikuwa zangu, alinipa mimi niliandike. SALEHE, kwenye kona ya chini, kwa brashi ya nywele chache. Niliandika picha baada ya picha, nikajivunia jinsi lile H lilivyosimama, na haikunijia hata siku moja kujiuliza kama jina moja linatosha.

Masika yalipokuwa yanaelekea kwisha alikuja bwana mmoja kutoka Mbeya, mtu wa makamo, mpole, ambaye alikuwa anajenga nyumba ya wageni. Alikuwa amekiona kibao cha mafuta ya taa akiwa safarini, akauliza mpaka akafika kwetu. Fundi alimkaribisha sebuleni, akamgeuzia picha moja moja zitazame mbele. Yule bwana hakuwa na maneno mengi. Alichagua nne palepale, akasema anataka nyingine nane kabla hajafungua, ili kila chumba kiwe na yake. Nilikuwa nimekaa pembeni nikikwangua rangi kwenye kopo, na nilifurahi, kwa kuwa nilijua nyumba ya wageni inahitaji pia namba za milango, na majina, na kibao kikubwa cha nje. Alipofika kwenye picha ya wanawake wanaovuka Ziwa Kisiba kwa miguu, kila mmoja amejitwika mlango, alisimama muda mrefu.

"Fundi," akasema, "unazitoa wapi hizi?"

"Ndotoni."

"Ndoto zako mwenyewe?"

Bi Mwanaisha alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai. Fundi alimwona. Nilikuwa namtazama usoni, kwa hiyo najua kwamba alimwona.

"Za nani tena?" akasema.

Bi Mwanaisha aliweka sinia mezani, akamimina, akamkaribisha mgeni, akamuuliza habari za Mbeya na baridi ya njiani. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na chai, kulikuwa na magimbi, na hapakuwa na ndoto. Fundi alikaa kwenye kigoda mpaka chai ikapoa. Akamuuliza amelalaje. Akajibu salama. Akamuuliza kama hakuota. Akajibu kwamba hakuota. Alimjibu kwa adabu ileile, na kesho yake hivyohivyo, na wiki iliyofuata hivyohivyo. Hakuna sahani iliyopigishwa wala mlango uliobamizwa. Mtu ambaye hakuishi nasi asingejua kwamba nyumba ile imezimika.

Fundi alijaribu kwenda peke yake. Alimchora tena ng'ombe wa ngazi, akamgeuza upande wa pili. Alichora tena wanawake wenye milango, sasa wakiwa na madirisha. Siku moja nilimkuta anazungushia mstari mweusi, na nikajua mambo yameharibika. Picha nane zilikuwa zinasubiriwa, na mimi nilikuwa nimeshajiona naandika namba za vyumba. Kazi ile ikimponyoka, nilijua nitarudi Lufingo na sanduku langu. Ndivyo nilivyojieleza wakati ule. Nikisema ukweli wote, kulikuwa na jambo jingine: nilitaka na mimi asubuhi moja mtu anisikilize vile, brashi mkononi, akiuliza maji yalikuwa ya rangi gani.

Kwa hiyo nikamwambia Fundi kwamba nimeota. Sikuwa nimeota. Nilikaa kitandani nikatunga, nikampelekea sebuleni. Nilimpa mwezi mpevu ukiwa umekalia kilele cha Mlima Rungwe. Nilimpa simba aliyevaa taji akilinda mlango wa nyumba maskini. Nilimpa msichana mwenye mwenge anayeongoza watu kutoka gizani, na ndege wa dhahabu anayempokea. Fundi alisikiliza kwa shukrani iliyoniumiza kidogo, akachora zote tatu ndani ya wiki moja. Zilikuwa nzuri. Waliopita kusalimia walizisifu kuliko zote, wakasema hizi sasa zinaeleweka. Nami nikatembea mjini nikijihisi nimekuwa mtu.

Bi Mwanaisha aliziona siku alipoingia kufagia. Mchana tulikaa jikoni tukichambua maharage, mvua inanyesha, na akaanza kuzungumza huku anatoa mawe.

"Hizi tatu ni zako."

Nikakubali.

"Hukuziota."

Nilitazama maharage.

"Yule simba anajua kwa nini yuko pale," akasema. "Ndotoni hakuna anayejua. Wewe umemwambia."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuwa na la kupoteza tena, kama ni kweli yeye haoti siku hizi. Akatoa jiwe, akalitupa mlangoni. Kisha akasema anaota kila siku, zimejaa hadi kichwa kinamuuma, na hana pa kuzitua. Akasema hakuzitaka zimpe jina. Alimpa mumewe kwa kuwa ni mumewe, kama anavyompa chakula, na chakula hakiandikwi jina. "Lakini mtu akila kwangu," akasema, "kisha akaulizwa kapika nani, naye akasema kapika yeye, basi na apike." Akasukuma ungo upande wangu. Akaniambia hatamweleza Fundi habari za ndoto zangu, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yangu.

Nilikwenda sebuleni kabla sijaishiwa na ujasiri. Fundi alikuwa anaosha brashi kwa mafuta ya taa. Nilimwambia kwamba nilimdanganya, kwamba simba na mwezi na ndege nilivitunga mchana kweupe. Aliendelea kuosha. Akasema alikuwa ameshaanza kushuku, kwa kuwa zilichorika upesi mno. Za mkewe kila moja ilikuwa na mahali ambapo brashi inakataa, inabidi arudi kumuuliza. Zangu hazikukataa popote. Nikamuuliza kwa nini alimjibu vile mgeni wa Mbeya. Alikausha brashi moja, akakausha ya pili.

"Niliona haya, Tupo," akasema. "Mwanamume mzima, niseme nachora anayoyaota mke wangu."

"Na jina niliandika mimi," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu aliyekutana na mwenzake njiani, wote wamebeba mzigo wa namna moja. Tukazifuta zile picha tatu pamoja. Simba alichukua muda kutoka.

Wiki ile Fundi alikwenda Mbeya. Alirudi koti limelowa, akakaa kwenye kigoda na kumweleza mkewe, mbele yangu, kwamba amemwambia yule bwana ukweli wote. Yule bwana alicheka kwa wema, akasema kwake ni mamoja, wageni wake wakilala hawatauliza ndoto ni ya nani. Fundi alieleza haya kwa haraka, kama mtu anayetua gunia. Bi Mwanaisha alikuwa amempikia mbalaga, ndizi na nyama kama tunavyozipika kwetu. Alimpakulia, akamnawisha, akangoja ameze tonge la kwanza.

"Umesema Mbeya," akamwambia. "Uongo uliusema hapa, mlangoni kwangu, nimeshika sinia."

Nitaeleza kwanza jinsi mambo mengine yalivyokwisha, ili niweze kubaki na siku moja tu. Picha nane za nyumba ya wageni zilikamilika, zikachelewa kidogo, na kwenye kona zake niliandika majina mawili, SALEHE na MWANAISHA, kwa herufi za kimo kimoja. Nyumba ile ya wageni ilikuja kubadilisha mikono, vyumba vikapakwa rangi upya, na zile nane sijui zilipotelea wapi. Zilizobaki, ambazo watu wanazijua na kuzieleza, ni zile nne za mwanzo zenye jina moja, na jina hilo liliandikwa na mkono wangu. Mimi mwaka uliofuata nilihamia Mbeya, nikafungua banda langu la kuandika vibao, na nimeandika mpaka vidole vimeanza kukataa. Sikuwahi kuchora. Nilijifunza mwaka ule kwamba kutunga kitu kizuri si kazi ngumu, na kwamba hicho kizuri kinaweza kukosa pumzi. Somo hilo limenifaa zaidi ya cheti chochote. Fundi na mkewe waliendelea na maisha yao ya chai na magimbi, mke akisimulia na mume akiuliza, mpaka macho ya Fundi yalipochoka.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Ukuta wa mbele wa nyumba yao ulitazama njia inayopanda sokoni, na Fundi alikuwa ameupaka chokaa kutoka juu mpaka chini. Asubuhi alitoa makopo yake yote ya rangi, akayapanga chini ya upenu, akachukua brashi, akasimama mbele ya ukuta mweupe. Hakuchora. Alisimama tu. Watu waliokuwa wanapanda na mikungu ya ndizi na vikapu vya viazi walimsalimu, wakauliza leo anachora nini. Akajibu kwamba anamsubiri Bi Mwanaisha. Waliporudi wakiwa wameuza, walimkuta amesimama palepale. Wengine wakaanza kumcheka. Jirani mmoja, fundi viatu, alimuuliza kwa mzaha kama siku hizi anachora kwa ruhusa ya mke.

Mimi na Bi Mwanaisha tulikuwa ndani, karibu na dirisha, na ungo wa maharage magotini kwake. Alikuwa ameyachambua yale maharage mara mbili. Tulimsikia Fundi akimjibu fundi viatu, na alijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeadhini.

"Mimi sioti," akasema. "Sijaota maisha yangu yote. Kila picha uliyoiona hapa aliiota mke wangu, nami nikasema ni yangu. Sasa nimesimama hapa, na asipotoka nitaurudishia ukuta huu udongo, usichorwe kitu."

Bi Mwanaisha hakunitazama. Alibaki amekaa kwa muda wa kutosha kusoma aya fupi, na midomo yake kweli ilikuwa inasogea. Kisha akainuka na ungo wake, akatoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango, na bila kumsemesha mtu akaanza, kwa sauti yake ya kila siku, kama kwamba hapakuwa na watu.

Akasema Ziwa Kisiba lilikuwa limeanikwa. Lilikuwa kwenye kamba kama shuka, kutoka mti hadi mti, na samaki wamo wanaogelea. Mama yake alikuwa anazunguka nyuma ya ziwa hilo akitafuta pa kuingilia, amebeba jiko lenye moto. Fundi alikwisha kutia brashi kwenye buluu. Alivuta kamba, akaanza kushusha ziwa, na Bi Mwanaisha akamkatiza akasema halikuning'inia hivyo, lilikuwa limejaa upepo. Fundi akafuta kwa kiganja, akaanza upya. Akauliza jiko lilikuwa la aina gani. La udongo, akaambiwa, la mafiga matatu, ila mafiga yalikuwa yanatembea. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, na hakuna aliyeondoka. Walioshika vikapu walivitua.

Mama mmoja wa Matwebe, mtu mzima, alisogea mpaka karibu na makopo ya rangi. Alitazama ziwa, akatazama samaki, akatikisa kichwa.

"Ndaga, fundi," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Lakini hii maana yake nini?"

Fundi hakugeuka. Brashi ilikuwa juu, kwenye kamba.

"Muulizeni mwenyewe," akasema.

Wote wakageuka. Sidhani kama kabla ya siku ile Bi Mwanaisha aliwahi kutazamwa na watu wengi namna ile kwa wakati mmoja. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga yake, akawatazama na yeye, mmoja mmoja, bila haraka.

"Maana siijui," akasema. "Tulieni, nimalize."